Akeley: Mtoto wa mkulima aliyeishi kwa ngozi na mifupa

NGOZI ya ng'ombe ikishatobolewa na kisu cha mchunaji imeshuka daraja, hata kama ng'ombe mwenyewe alikuwa mnono namna gani. Wafugaji wa Kamanga na wenzao wa Misungwi na Magu wanalijua hilo, maana wao ndio wanaolilipia. Mifupa ndiyo kabisa haina mwenyewe. Huachwa nyuma ya bucha, mbwa wanaigombea, na inayobaki inakuwa takataka.

Alikuwapo mtu mmoja aliyejenga maisha yake yote juu ya vitu hivyo viwili. Hakuwa mfanyabiashara wa ngozi wala mwenye kiwanda cha viatu. Alikuwa fundi wa kukausha wanyama, yaani mtu anayechukua ngozi ya mnyama aliyekufa na kuirudishia umbo mpaka mtazamaji adhani mnyama yule anapumua. Jina lake ni Carl Ethan Akeley. Alizaliwa Marekani, lakini kaburi lake liko mashariki ya Kongo, kwenye mteremko wa Mlima Mikeno, ng'ambo ya Rwanda ukitokea kwetu.

Wengi hudhani kazi ya namna hii ni mchezo wa matajiri. Akeley alitoka katika shamba maskini, akaanza kwa mshahara usiotosha hata kulipia chumba na chakula, na hesabu za maisha yake zinafaa kusomwa na mtu anayeuza ngozi, dagaa au mpunga. Hesabu hizo zina upande wa hasara pia, na hasara iliyokuwa kubwa zaidi haikuwa yake.

Chiriku wa jirani

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 katika kijiji cha Clarendon, jimbo la New York. Ijapokuwa jina ni lile lile, kijiji hicho kiko mbali na jiji. Ni nchi ya mashamba. Baba yake alikuwa mkulima, na shamba halikuwa likitoa cha ziada. Shule alisoma kidogo, kwani kazi za shamba zilikuwa zikimwita.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 au 13 aliazima kitabu kilichoeleza jinsi ya kukausha ndege, akaanza kujaribu. Jirani yao mmoja alikuwa akifuga ndege mdogo wa kizimbani, jamii ya chiriku, na usiku mmoja wa baridi kali ndege yule akafa. Kijana aliomba apewe, akamtengeneza, akamrudisha kwa mwenyewe akiwa amesimama kwenye kijiti chake. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kwa mteja. Alipofika miaka 16 alikuwa tayari na kadi za biashara zilizochapishwa jina lake na kazi yake, na alikuwa amechukua mafunzo kidogo ya kuchora ili aweze kuwachorea ndege wake mandhari ya nyuma.

Mwaka 1883, akiwa na miaka 19, alisubiri mavuno ya baba yake yaishe ndipo akaondoka. Alikwenda kwanza katika mji wa Brockport kwa Mwingereza mmoja aliyeitwa David Bruce, fundi wa kupamba nyumba ambaye kukausha ndege kwake kulikuwa ni burudani. Bruce alimwambia ukweli kwamba yeye si saizi yake, akamwelekeza aende Rochester kwa Profesa Henry Ward, aliyekuwa na karakana iliyouza mifupa, mawe na wanyama waliokaushwa kwa majumba ya makumbusho na vyuo.

Ward alimpa kazi kwa mshahara wa dola tatu na nusu kwa wiki. Akeley akatafuta nyumba ya kupanga, na ya bei nafuu aliyoipata, chumba pamoja na chakula, ilikuwa dola nne kwa wiki. Kazini aliingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila wiki alikuwa anaajiriwa kwa hasara ya nusu dola, kabla hajanunua hata sabuni.

Punda milia aliyetupwa jalalani

Ajabu ni kwamba pale kwa Ward, mahali palipokuwa na sifa kuliko pengine pote nchini Marekani, ufundi wenyewe ulikuwa duni. Ngozi ya mnyama ilitiwa chumvi na dawa, mifupa ya miguu ikafungwa waya na kuzungushiwa majani makavu, kisha mnyama mzima akaning'inizwa kichwa chini miguu juu na kushindiliwa majani mpaka yasiingie tena. Pale alipovimba kupita kiasi alishonwa kwa sindano ndefu ili apungue. Aliyetoka hapo alikuwa na umbo la gunia la pamba lenye miguu minne.

Siku moja aliletwa punda milia aliyekufa, mzima kabisa. Akeley aliomba ruhusa, akabaki karakanani baada ya saa za kazi, akamfinyangia plasta mwili mzima ili apate kipimo sahihi cha misuli na mbavu. Alitaka ngozi ivishwe juu ya umbo hilo la kweli. Wakubwa wake walikataa. Punda milia akajazwa majani kwa mtindo wa zamani, na zile plasta zikatupwa jalalani.

Hapo mimi kama mchumi siwezi kuwalaumu sana wakubwa wale. Majumba ya makumbusho ya wakati ule yalikuwa yakilipa bei ya mnyama wa majani, na hakuna aliyekuwa tayari kulipa zaidi kwa mnyama wa kweli, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona. Soko halilipii kitu ambacho halijakiona. Mkulima anayechambua mpunga wake vizuri halafu akauziwa kwa bei moja na wa jirani uliojaa mawe anaifahamu hali hiyo.

Akeley aliwahi hata kufukuzwa kazi pale, akaenda kufanya kazi kwa fundi mwingine katika jiji la New York kwa miezi kadhaa, kisha akarudishwa. Aliporudi ndipo ilipofika kazi iliyomtangaza. Tarehe 15 Septemba 1885 tembo aliyeitwa Jumbo, mali ya bwana P.T. Barnum mwenye sarakasi, aligongwa na treni na kufa katika mji wa St. Thomas nchini Kanada. Jumbo alikuwa tembo wa Afrika na pengine mnyama mashuhuri kuliko wote duniani wakati huo. Akeley, akiwa na miaka 21, na mwenzake William Critchley walipewa kazi ya kumtengeneza.

Huwezi kujaza majani tembo. Walijenga kiunzi cha mbao chenye umbo la mnyama na kupigilia ngozi juu yake, na mifupa nayo ikaunganishwa peke yake. Barnum, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha biashara, akatembeza vyote viwili: huku ngozi, kule mifupa. Tembo aliyekuwa akiingiza kiingilio kimoja akiwa hai akawa wawili baada ya kufa. Ngozi ile iliteketea kwa moto mwaka 1975 katika chuo kimoja cha Marekani. Mifupa ilikwenda kwenye Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya New York.

Mwaka 1886 Akeley aliondoka kwa Ward, akaenda Milwaukee, ambako rafiki yake William Morton Wheeler alikuwa akifanya kazi katika makumbusho ya mji. Huko ndiko alikopata nafasi ya kufanya anavyotaka. Mwaka 1890 alikamilisha kundi la panya wakubwa wa majini, wakiwa katika kinamasi chao na vibanda vyao vya majani, nusu juu ya maji na nusu chini. Leo tunaona jambo la kawaida kumwonyesha mnyama mahali anapoishi. Wakati ule wanyama walipangwa kwenye rafu kama chupa za dawa.

Hesabu za miaka minne

Mwaka 1896 Akeley aliajiriwa na makumbusho ya Field ya Chicago. Kabla na baada ya hapo alikuwa na kazi yake binafsi moyoni: makundi manne ya kulungu wa Marekani, kila kundi katika majira yake, kipupwe, kiangazi, vuli na masika ya kwao. Alifanya kazi hiyo kwa muda wake mwenyewe, jioni na usiku, kwa miaka minne, akisaidiwa na Delia, mwanamke wa Milwaukee aliyemuoa mwaka 1902. Majani ya miti peke yake yalikuwa kama 17,000, kila jani limetengenezwa kwa mkono kwa nta.

Makumbusho ilinunua makundi yote manne. Alipojumlisha matumizi aligundua kwamba fedha aliyolipwa ilirudisha gharama ya vifaa tu. Kazi ya miaka minne, yake na ya Delia, haikulipwa.

Je, ilikuwa biashara mbaya? Ukitazama daftari la mwaka huo, ndiyo. Lakini tangu siku hiyo hakuna makumbusho kubwa nchini Marekani iliyoweza kumwambia kwamba mnyama wa majani anatosha, kwani kulungu wale walikuwa mlangoni kila mtu akiwaona. Alikuwa ametengeneza soko lake. Ni wachache wanaoweza kumudu njia hiyo, na sishauri mtu mwenye mkopo wa SACCOS aifuate bila kuwa na mshahara mwingine. Akeley alikuwa nao.

Namna yenyewe ya kazi inafaa kuelezwa. Mnyama alipokufa, Akeley alipima kila kiungo kabla ya kisu kugusa ngozi. Alipiga picha, akachukua plasta ya uso na wakati mwingine ya miguu. Ngozi ilichunwa kwa uangalifu, ikatiwa chumvi, na ikiwa ni ya tembo ilikwanguliwa kwa ndani kwa visu kwa siku nyingi mpaka ikawa nyembamba ya kuweza kukunjika. Mifupa ilisafishwa na kuhifadhiwa yote.

Karakanani mifupa ile, au mfano wake wa mbao na vyuma, ilisimamishwa katika mkao aliotaka. Juu yake alifinyanga udongo, msuli kwa msuli, mshipa kwa mshipa, mpaka akapata mnyama mzima wa udongo asiye na ngozi. Umbo hilo lilifunikwa plasta ili kupata kalibu. Ndani ya kalibu alibandika tabaka za karatasi, kitambaa, wavu wa waya na gundi, akazipaka vanishi zisipate unyevu. Zilipokauka alitoa gamba jepesi, lenye uwazi ndani, gumu kama ganda la kobe. Hilo ndilo lililovishwa ngozi. Mfinyanzi yeyote ataelewa kwamba hapa kazi ni ya uchongaji kuliko ya uchunaji.

Msomaji anayevutiwa na ufundi huu lazima ajue jambo moja la hapa kwetu kabla hajaokota chochote. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, ngozi, mifupa, meno na pembe za mnyamapori ni nyara, na biashara ya nyara inahitaji leseni. Hata mnyama aliyejifia mwenyewe ni mali ya serikali. Ukikuta fuvu la kiboko ufukweni, usilibebe kwenda nalo nyumbani kulisafisha kwa nia njema. Toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kule Ulaya na Marekani mafundi wa siku hizi hujivunia kutumia wanyama waliogongwa barabarani au waliokufa kwa ugonjwa, na huita hiyo kazi ya uadilifu. Hapa uadilifu huo bila kibali unaweza kukufikisha mahakamani. Mifupa na pembe za ng'ombe na mbuzi wa machinjioni hazina tatizo hilo. Mafundi wa Nairobi wamekuwa wakichonga mifupa ya ng'ombe kuwa shanga, vifungo, hereni na vipini kwa miaka mingi, na malighafi yao ni ile ile inayooza nyuma ya bucha zetu.

Safari za Afrika

Akeley alifika Afrika mara tano. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1896, nchi ya Wasomali, kwa ajili ya makumbusho ya Chicago. Huko alimjeruhi chui jike jioni, na chui akamrukia. Bunduki ilimtoka. Alipoumwa mkono aliusukuma ndani zaidi ya koo la mnyama badala ya kuuvuta, akamlalia na kumkandamiza mbavu kwa magoti mpaka akafa. Picha yake akiwa na bandeji mikononi kando ya chui aliyening'inizwa ilisambaa sana, na watu wengi wa kwao walimjua kwa picha hiyo kuliko kwa kazi yake.

Mwaka 1905 alirudi, safari hii Kenya, pamoja na Delia. Reli ya Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, na hiyo ndiyo iliyofanya shehena za ngozi na mifupa ya tembo ziweze kusafirishwa kutoka bara. Bila reli, kazi yake yote ingebaki porini ikiliwa na wadudu. Tembo wawili wa safari hiyo, mmoja akiwa ameuawa na Delia, walisimamishwa Chicago mwaka 1909 wakiwa katika mapigano, na wamebaki kuwa fahari ya makumbusho ile.

Katika safari hiyo aliajiriwa kijana wa Kikuyu wa miaka kama 13, ambaye Wazungu walimwita Bill. Alianza kama msaidizi wa mtumishi wa hema, akawa mbeba bunduki na msoma nyayo ambaye Akeley alimtegemea kuliko mtu mwingine. Alikuwa naye tena mwaka 1909 hadi 1911, na akaitwa tena mwaka 1926. Akeley alimwandikia sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1923. Hata hivyo wapagazi waliobeba chumvi juu na ngozi chini, na wale waliokaa siku nyingi wakikwangua ngozi za tembo kwa visu, hawakuandikiwa hata jina. Kwenye vibao vya makumbusho anatajwa aliyepiga risasi na aliyetoa fedha. Gharama ya kazi yao imo ndani ya kila mnyama anayesimama pale.

Mwaka 1909 Akeley alihamia makumbusho ya New York na kurudi Afrika Mashariki kutafuta kundi la tembo. Huko alikutana na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani, akawinda naye Uasin Gishu. Mwaka 1910, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tembo dume alimvamia kabla hajawahi kufyatua. Akeley alishika pembe mbili, moja kila mkono, akajitupa katikati yake. Tembo alimkandamiza chini kwa uso wake, pembe zikagonga kitu kigumu ardhini zikasimama, na hilo ndilo lililomwokoa. Pua ilivunjika, shavu likachanika, mbavu zikavunjika. Wasaidizi walidhani amekufa. Habari ilipomfikia Delia kambini usiku, aliwaamsha askari na wapagazi, akapita msituni gizani na kumfikia siku iliyofuata.

Alikaa miezi akijiuguza. Ni katika kulala huko ndipo alipopanga ukumbi mmoja mkubwa utakaoonyesha wanyama wa Afrika kila mmoja na nchi yake, kwa hofu kwamba bunduki na mashamba vitawamaliza. Mtu anaweza kucheka: mwindaji anahofia wanyama kwisha. Nadhani ndivyo ilivyo mara nyingi. Mvuvi wa makokoro ndiye wa kwanza kujua kwamba sato wamepungua.

Vifaa vilivyotoka karakanani

Mashine zilizozaliwa katika kazi hii zimekwenda mbali kuliko wanyama wenyewe. Jengo la makumbusho ya Chicago lilikuwa limebaki tangu maonyesho ya mwaka 1893 na kuta zake zilikuwa zikibanduka. Mwaka 1907 Akeley, aliyekwisha kuzoea kupulizia rangi na plasta kwa hewa, alitengeneza mashine ya kurusha saruji kwa mgandamizo wa hewa ukutani. Alipata hataza yake mwaka 1911. Leo saruji ya kupulizwa hutumika kwenye mahandaki, mabwawa na kuta za migodi ya chini ya ardhi duniani kote, na wasomaji wa Kanda ya Ziwa waliofanya kazi migodini wameiona bila kujua kwamba chanzo chake ni fundi wa ngozi.

Kamera nayo ilitokana na hasara. Mwaka 1910 aliajiri Wanandi ili awapige picha za sinema wakiua simba kwa mikuki. Wanandi walifanya kazi yao, simba alikufa, lakini kamera ilikuwa nzito na ngumu kugeuza, na kila kitu kikaisha kabla haijaelekezwa. Akarudi nyumbani akabuni kamera ya duara inayogeuka kila upande kwa mkono mmoja, akapata hataza yake mwaka 1915. Jeshi la Marekani liliitumia katika Vita Kuu ya Kwanza, na watengenezaji wa sinema za habari wakaipenda kwa miaka mingi. Kwa jumla alipata hataza zaidi ya 30.

Gorila wa Mikeno

Mwaka 1921 Akeley alikwenda Kongo ya Wabelgiji, kwenye volkeno za Virunga karibu na Ziwa Kivu, kutafuta gorila wa milimani. Alikuwa na miaka 57. Wakati huo gorila alisemwa kuwa dubwana linaloteka wanawake na kuvunja bunduki kwa meno. Akeley aliona mnyama anayekula majani, anayeshughulika na watoto wake, asiye na haja na mtu ikiwa mtu hana haja naye. Aliwapiga picha za sinema, za kwanza kupigwa kwa gorila walio huru.

Lakini alikuwa amekwenda kwa ajili ya ngozi na mifupa, na kundi lake liliua gorila watano. Alichukua plasta za nyuso zao, na kwa maelezo yake mwenyewe, alipoutazama uso wa mmoja wao alijiona muuaji. Tofauti yake na wawindaji wengi waliosema maneno ya huzuni ni kwamba yeye hakuishia kwenye huzuni. Aliamini gorila wa milima ile hawakuzidi mia moja. Aliporudi aliandika, akahutubia, akawasumbua wakubwa wa Ubelgiji mpaka Mfalme Albert I akakubali. Tarehe 21 Aprili 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza katika Afrika. Sehemu yake ya Kongo ndiyo Virunga ya leo, na sehemu ya Rwanda ndiyo Hifadhi ya Volkano.

Hifadhi ile haikuanzishwa mahali pasipo na watu. Ilipopanuliwa, wakulima na wafugaji wa pande zile walinyimwa mashamba na malisho waliyokuwa nayo, na mgogoro huo haujaisha mpaka leo. Wasomaji wanaokumbuka jinsi Wamasai walivyohamishwa Serengeti mwaka 1959 hawahitaji kuelezwa. Mwenye daftari la haki ataandika hilo upande wa gharama.

Upande wa mapato kuna hesabu ambayo Akeley asingeweza kuiota. Kuanzia mwaka 2017 Rwanda ilipandisha kibali cha kwenda kuwatazama gorila kuwa dola 1,500 kwa mtu mmoja, kwa saa moja tu ya kuwa nao. Gorila mmoja akiwa hai hutazamwa mwaka baada ya mwaka. Akiwa ngozi, hata akisimamishwa na fundi bora duniani, huuzwa mara moja. Hesabu za mwaka 2018 zilionyesha gorila wa milimani kuvuka 1,000.

Mwaka 1926 Akeley alirudi kwa mara ya mwisho, akifadhiliwa na matajiri George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, na Daniel Pomeroy. Alikuwa ameachana na Delia mwaka 1923 na kumuoa Mary Jobe mwaka uliofuata, na Mary alikuwa naye. Alikuja pia na wachoraji, kwa kuwa alitaka mandhari ya nyuma ya kila mnyama iwe ni mahali halisi, na miti, nyasi na mawe yachukuliwe pale pale. Walifanya kazi Kenya na Tanganyika, kisha wakaelekea Kongo. Akeley alikuwa mgonjwa tangu njiani, homa na tumbo la kuhara, na sehemu ya safari alibebwa kwa machela. Alisisitiza kupanda. Walipofika kambi ya Kabara, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, nguvu zilimwisha, akafa Novemba mwaka huo. Wakamzika hapo hapo.

Mary hakurudi nyumbani. Alibaki milimani na mchoraji William Leigh na wengine mpaka kazi ya gorila ikakamilika: picha za rangi, vipimo, mimea. Kabara baadaye ikawa kambi ya George Schaller mwaka 1959, yule aliyekuja kuchunguza simba wa Serengeti, na ya Dian Fossey mwaka 1967.

Ukumbi wa Afrika ulifunguliwa New York tarehe 19 Mei 1936, siku ambayo Akeley angetimiza miaka 72. Una vyumba 28 vya vioo na tembo wanane katikati. Katika chumba cha gorila amesimama dume akipiga kifua, na nyuma yake kuna bonde, ukungu na milima ya volkeno, kama ionekanavyo ukisimama karibu na kaburi la fundi mwenyewe.